Kuagiza Samani Zitakazodumu: Mwongozo Kamili wa Mbao, Viungo na Umbo kwa Nyumba na Ofisi

Meza ya kwanza ya mikutano niliyoisimamia tangu mbao hadi ofisini ilipasuka katika mwezi wake wa tatu. Ilikuwa ya mninga mtupu, urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1, imepakwa vanishi ikang'aa kama kioo, na ilikwenda kukaa ghorofa ya tano, katika ofisi ambayo kiyoyozi hakizimwi kuanzia asubuhi hadi jioni. Ufa ulianzia ukingo mmoja, ukafuata nyuzi za mti hadi karibu na katikati, nao ulikuwa mpana kiasi cha kumeza ncha ya sarafu. Fundi alilaumu mbao, mwenye ofisi akamlaumu fundi, nami niliyekuwa baina yao nilijua kwamba kosa ni langu: sikupima unyevu wa mbao, tena niliruhusu ubao wa juu ukazwe kwa skrubu kwenye fremu ya chuma bila nafasi yoyote ya kusogea.

Mninga hukaa porini miongo mingi, pengine karibu karne, kabla ya kufikia unene wa kutoa mbao nzuri. Tangu siku ile ninapima kila kazi kwa swali moja: je, samani hii itatumika angalau kwa miaka ambayo mti wake ulitumia kukua? Meza ya paini ya miaka 25 inayodumu miaka 40 imelipa deni lake. Meza ya mninga inayopasuka kwa miezi mitatu ni hasara ya msitu hata kama karatasi zake zote ni halali. Mwongozo huu unafuata swali hilo tangu kupima chumba hadi kupaka mafuta, na umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeagiza samani kwa fundi seremala, iwe Keko jijini Dar es Salaam, Gikomba jijini Nairobi au karakana ya mtaani kwake.

Hatua ya kwanza: pima mwili, chumba na ubao kabla ya kupenda picha

Wateja wengi huja kwa fundi na picha iliyo kwenye simu. Picha si kosa, lakini kiti chenye miguu myembamba kilichobuniwa kwa mti mgumu wa Ulaya hakiwezi kuigwa kwa paini kwa vipimo vilevile, kwa sababu mguu utavunjika pale unapoungana na fremu. Chukua picha kama maelezo ya umbo tu, kisha andika vipimo vyako mwenyewe.

Meza ya kuandikia au ya kompyuta iwe na kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kiti chake kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 45 ikiwa hakipandi wala kushuka. Mtumiaji akiwa mfupi, mpe kibao cha kuegemeza miguu badala ya kuishusha meza. Kwenye meza ya chakula, kila mlaji anahitaji upana wa sentimita 60. Kina cha kiti cha kochi, kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo, kikizidi sentimita 55 wazee hupata tabu kuinuka, na ukweli huu hausemwi dukani kwa sababu kochi lenye kina kirefu hupendeza zaidi kwenye picha.

Rafu ndizo hupuuzwa kuliko vyote. Ukiongeza urefu wa rafu mara mbili na vitabu vikaijaza yote, kupinda kwake huongezeka mara 16. Ukiongeza unene wake mara mbili, kupinda hupungua mara 8. Ndiyo maana ubao wa milimita 18 wenye vitabu haufai kuachwa bila nguzo kwa zaidi ya sentimita 70 hivi, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba "huu ni mgumu, bosi".

Halafu linganisha vipimo vyako na vipimo vya mbao sokoni, kwani hapa ndipo mbao nyingi huishia kuwa kuni. Ubao wa futi 12 una sentimita 366 hivi. Meza yenye urefu wa sentimita 180 hutoa vipande viwili na kubakiza sentimita 6 za kukata na kusafisha ncha. Meza ya sentimita 190 hutoa kipande kimoja, na kinachobaki hakitoshi meza ya pili. Kwa plaiwudi, ambayo karatasi yake ni sentimita 244 kwa 122, jambo hili ni kali zaidi: vibao vya meza za ofisi vya sentimita 120 kwa 60 vinapatikana vinne kwenye karatasi moja, ilhali vya sentimita 125 kwa 65 kinapatikana kimoja tu. Ofisi yenye watumishi 20 itanunua karatasi 5 au karatasi 20 kwa sababu ya sentimita tano ambazo hakuna atakayezihisi.

Hatua ya pili: chagua mti kwa chanzo chake na kwa kazi yake

Kwa mazoea yetu, mteja huuliza mbao gani ni "nzuri", naye huambiwa mninga, mkongo au mvule. Hizo ni nzuri kweli: hazipendwi na mchwa, huwa na rangi ya kuvutia na hustahimili miaka. Lakini sehemu kubwa yake hutoka kwenye misitu ya asili ambako mti mmoja unaovunwa hauzibiwi pengo na kizazi kimoja cha binadamu. Ushauri wangu ni kuzitumia kama viungo vya pilau, kidogo na mahali panapoonekana na kuguswa, kisha mwili wa samani ujengwe kwa mti wa shambani.

Paini, ambayo wengi huiita msindano, ndiyo mbao ya shambani inayopatikana zaidi Tanzania. Shamba la Miti la Sao Hill wilayani Mufindi, mkoani Iringa, na mashamba ya wananchi wa Nyanda za Juu Kusini ndiyo huyalisha masoko ya mijini. Ni nyepesi, hukubali gundi vizuri, na inafaa vitanda, rafu, fremu za makochi na makabati. Udhaifu wake ni ulaini: ukucha huacha alama, na bungua huipenda. Mkaratusi ni mgumu zaidi na hufaa miguu na fremu zinazobeba uzito, lakini una msongo ndani yake unaoufanya upasuke na kujipinda ukikaushwa haraka, hivyo nunua uliokwisha kukauka na kutulia. Mitiki ya mashamba ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro ni jibu zuri kwa anayetaka sura ya mbao za asili bila kukata msitu wa asili, mradi fundi aondoe sehemu nyeupe ya nje ya mti, kwa kuwa ni kiini chenye rangi ya dhahabu pekee ndicho kinachostahimili mchwa na unyevu. Nchini Kenya, mgrivelia unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba hutoa mbao zenye madoadoa ya kupendeza sana zikipasuliwa kwa mwelekeo sahihi, na mukau wa Kitui na Makueni unakua katika ukame ambako miti mingine ya mbao imeshindwa.

Kuna miti ambayo tayari imemaliza kazi yake nyingine. Mwembe mzee usiozaa hutoa ubao mpana wenye michirizi ya rangi, ingawa ni lazima upasuliwe na kutiwa dawa mapema kabla haujaingiwa na weusi. Mnazi nao, hasa ule unaokatwa kwa uzee au kwa ugonjwa wa kunyong'onyea ulioangamiza mashamba mengi ya pwani, una mbao ngumu sana upande wa nje na laini kama sifongo katikati. Chukua ile ya nje tu, na umlipe fundi vizuri, kwa maana mnazi hula meno ya msumeno. Mwanzi hukomaa kwa miaka mitatu hadi mitano na ni mzuri kwa viti vyepesi, milango ya makabati na vizuizi vya ofisi, lakini una wanga mwingi, na usipolowekwa katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki utaanza kumwaga unga wa bungua sakafuni kabla ya mwaka kwisha. Dawa hiyo hufaa ndani ya nyumba tu, kwa kuwa mvua huiosha.

Mbao za majahazi ya zamani, zinazopendwa Lamu na Unguja kwa rangi zake zilizopauka, zinahitaji jambo moja la ziada: zipitishiwe sumaku pande zote kabla ya randa kuzigusa. Nimeona meno mapya ya mashine yakimegwa na msumari mmoja uliozama ndani ya ubao tangu zama za babu wa nahodha. Chumvi iliyomo itakula skrubu za kawaida, hivyo tumia zisizoshika kutu. Paleti za mizigo nazo ni mbao halali kwa samani, ila soma muhuri wake kwanza. Karibu na alama ya suke la ngano utakuta herufi HT, maana yake paleti iliuawa wadudu kwa joto, au MB, maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Chukua ya HT. Isiyo na muhuri iache.

Onyo jingine linahusu zile mbao zenye rangi ya kijani ambazo mafundi hupenda kuzisifia kwamba "zimeshapigwa dawa". Nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ni sahihi kwa nguzo, uzio na paa. Si sahihi kwa meza ya chakula, kitanda cha mtoto au kibao cha jikoni, na vumbi na vipande vyake visichomwe wala kutumiwa kupikia.

Hatua ya tatu: uliza karatasi

Tanzania, mbao zinazosafirishwa kutoka msituni huhitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mfanyabiashara mkweli hana sababu ya kukuficha hati hiyo, na kwa ofisi au taasisi inayokaguliwa ni busara kuomba nakala na kuiambatisha na ankara. Ukihitaji mbao za asili zenye uthibitisho wa juu zaidi, zipo za misitu ya vijiji: mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, vikisaidiwa na Shirika la Uhifadhi na Maendeleo ya Mpingo, vilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, na mapato ya mti unaovunwa huko huingia kwenye mfuko wa kijiji chenye msitu. Anayesafirisha mbao nje ya nchi ajue pia kwamba mpingo umo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na kwamba mbao za mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika ziliongezwa mwaka 2022, zikaanza kuhitaji vibali vya mkataba huo Februari 2023.

Hatua ya nne: pima unyevu, usiamini neno "imekauka"

Hii ndiyo hatua iliyoiua meza yangu, kwa hiyo niruhusiwe kukaa hapa kidogo. Mbao hunywa na kutoa maji ya hewani maisha yake yote. Ukiwa karakana ya wazi karibu na bahari, ubao uliokaushwa vizuri hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Ukiupeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi cha kutwa, utashuka hadi kukaribia asilimia 10. Ukishuka, unasinyaa kwa upana, karibu kamwe si kwa urefu. Ubao wa paini wenye upana wa sentimita 90, ukishuka kutoka asilimia 18 hadi 10, unaweza kupoteza sentimita 1.5 au hata kukaribia 2. Mitiki na mninga husinyaa kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na ndiyo sababu mafundi wa zamani walizipenda, lakini hazikosi kusinyaa, hasa zikiwa mbichi kama zilivyokuwa zile zangu.

Kipima unyevu cha umeme chenye sindano mbili ndicho kifaa cha kwanza ninachomshauri mtu anayeagiza samani za ofisi nzima kununua. Asiye nacho atumie mizani ya jikoni na oveni. Kata kipande kidogo sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye ncha ya ubao, kwa sababu ncha hukauka kabla ya katikati na zitakudanganya. Pima uzito wake hapohapo na uandike. Kiweke ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 100 au kuzidi kidogo tu, ukikipima kila baada ya saa chache, hadi uzito ukome kupungua. Kisha toa uzito mkavu kutoka uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichokuwa na gramu 250 na kubaki na gramu 215 kimepoteza gramu 35, na 35 ukigawanya kwa 215 unapata unyevu wa asilimia 16. Huo unatosha kwa sebule ya Tanga yenye madirisha wazi. Kwa ofisi yenye kiyoyozi, bado.

Katika karakana moja niliambiwa, "Hii imekauka kabisa, kaka, iko hapa tangu mfungo wa Ramadhani." Nikamuuliza, "Imekaa vipi, fundi? Imelala chini au imepangwa kwa vijiti?" Akacheka, maana sote wawili tuliona rundo lilivyolazwa sakafuni, ubao juu ya ubao, bila hewa kupita. Mbao hukauka zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, kila safu ikitenganishwa na safu nyingine kwa vijiti vyenye unene sawa vilivyopangwa wima juu ya vingine, chini ya paa, mbali na jua kali. Kanuni ya zamani ya mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwenye joto letu paini huwahi zaidi, mbao nzito huchelewa. Baada ya hapo, zipeleke mbao zilizokatwa kwa ukubwa wa kukadiria ndani ya chumba zitakamoishi, zikae wiki mbili au tatu kabla ya kuunganishwa. Wenye ofisi hulalamika kuhusu rundo la mbao ukumbini. Waache walalamike.

Hatua ya tano: mbao za kiwandani

MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizobanwa kwa gundi), chipubodi na plaiwudi zina nafasi yake, kwani hazipasuki kwa kusinyaa, na mbili za kwanza hutumia vipande na vumbi ambavyo vingetupwa. Lakini zinatofautiana mno. Chipubodi na MDF ya kawaida zikilowa ukingoni huvimba na hazirudi; pwani, kabati la jikoni la chipubodi huanza kufumuka chini ya sinki. Kwa jikoni na bafuni chagua plaiwudi ya kustahimili maji, ile ambayo mafundi huiita marini bodi, na kila ukingo ufunikwe kwa ukanda ulioshikwa kwa gundi ya moto, pamoja na ule wa chini usioonekana.

Jambo la pili ni gundi iliyomo ndani. Mbao nyingi za aina hii huunganishwa kwa gundi yenye formaldehaidi, gesi ambayo mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Omba hati inayoonyesha kwamba ubao ni wa daraja la E1, yaani la kutoa gesi hiyo kidogo, au la kutoa kidogo zaidi, na usipopewa, tumia pua: fungua droo mpya iliyofungwa usiku kucha, ukihisi macho yanawasha, hiyo si ya chumba cha mtoto.

Hatua ya sita: viungo vinavyofunguka na umbo linaloonekana la leo

Usasa wa samani mara nyingi hueleweka kama miguu ya chuma cheusi na kona zisizo na nakshi. Mimi nauona zaidi katika namna kitu kinavyoungana. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Austria alitoa kiti chake namba 14, chenye vipande sita tu vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 visivyounganishwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Na kabla ya kumstaajabia Thonet, tukumbuke kiti cha enzi cha Lamu na visiwa jirani: fremu nyembamba zilizonyooka, nyuso bapa zilizosukwa kwa uzi, na sehemu za kuchomoa kama vile kipumzishio cha miguu. Mtu anayetaka ubunifu wa kisasa wenye asili hapa kwetu ana mwalimu tayari.

Kwa vitendo, mwambie fundi atumie ulimi na tundu pamoja na gundi nyeupe kwenye sehemu zinazobeba mtikisiko, yaani miguu na fremu ya kiti, na atumie bolti na nati za kuzama kwenye sehemu zitakazofunguliwa wakati wa kuhama: miguu ya meza, mbavu za kitanda, mgongo wa kabati. Msumari usiwe kiungo cha mwisho cha kitu chochote. Kitanda kilichopigiliwa misumari huhamishwa mara moja tu; mara ya pili hulia usiku kucha.

Ubao wa juu wa meza ya mbao halisi usikazwe moja kwa moja. Kwenye fremu ya chuma, tundu la skrubu la katikati liwe la duara, na yale ya pembeni yawe marefu, milimita 10 au zaidi, yakielekea upande wa upana, kila skrubu ikiwa na washa na ikazwe kwa kiasi cha kushika bila kubana. Meza niliyoitengeneza upya baada ya ile kupasuka ilifanywa hivyo, kwa vipande vilevile vya mninga vilivyopasuliwa kuwa vyembamba na kuunganishwa upya juu ya fremu ya skwea paipu. Ilipungua upana kwa sentimita nane hivi. Bado inatumika.

Hatua ya saba: viti laini

Sponji huuzwa kwa unene na kwa sifa, ilhali kinachostahili kuulizwa ni uzito. Kwa kiti cha kochi, tafuta sponji ya kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Kipimo ni rahisi: kipande cha sentimita 50 kwa 50 chenye unene wa sentimita 10 kiwe na uzito wa gramu 750 hivi. Ukikipima ukakuta gramu 400, umeuziwa hewa, na kochi litabonyea kabla ya Idi ijayo. Chini ya sponji, mikanda iliyosukwa kwa katani hushika vizuri na hubadilishwa mkanda mmoja mmoja unapolegea. Zao hilo liko Tanga tangu Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipolileta mwaka 1893, na leo hulimwa Morogoro pia, hivyo ni ajabu kwamba bado tunaagiza mikanda ya plastiki. Usumba wa nazi hufaa kuwa tabaka gumu chini ya sponji nyembamba, na sufi ni nzuri kwa mito ya kuegemea, si ya kukalia. Kitambaa kiwe cha kuvuliwa kwa zipu. Kochi lililogongewa kitambaa moja kwa moja kwenye fremu hufikia mwisho wake siku mtoto anapomwaga juisi.

Hatua ya nane: msasa, mafuta na vanishi

Jina lenyewe la msasa ni kumbukumbu: ni mti wenye majani makavu ya kukwaruza ambayo wazee walisugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuja. Anza na namba 80 au 120, malizia na 180 au 240, ukifuata nyuzi daima. Fundi anayeruka kutoka 80 hadi vanishi huficha mikwaruzo ambayo itajitokeza mwanga wa jioni ukiingia dirishani.

Kwa meza ya chakula, vitanda na rafu za nyumbani napendelea mafuta ya kitani, ambayo madukani huitwa linsidi, pamoja na nta ya nyuki, ambayo Tabora ina sifa nayo. Sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta kwa uzito, viyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Pakaa kidogo, subiri nusu saa, futa yote yaliyobaki juu. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje yakauke au yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji. Yakikunjwa na kurundikwa huweza kujiwasha yenyewe, na karakana zimeungua kwa sababu hiyo. Kwa ofisi, ambako vikombe vya chai huachwa na watu wengi, vanishi ya maji ni ngumu zaidi na haina harufu kali. Chochote utakachochagua, kipakwe juu na chini ya ubao kwa idadi sawa ya mipako, kwani ubao uliofungwa upande mmoja hupumua kwa upande mwingine na kupinda kama ganda la mua.

Hatua ya tisa: makubaliano na ukaguzi

Andikianeni, hata kwenye ukurasa mmoja wa daftari: aina ya mti kwa kila sehemu, unyevu wa juu unaokubalika, vipimo, aina ya viungo, mipako. Lipa kwa mafungu matatu: la kwanza la kununulia mbao mbele yako, la pili baada ya kuona samani imeunganishwa na haijapakwa chochote, la tatu baada ya kufikishwa. Fungu la pili ndilo lenye nguvu, kwa sababu vanishi na rangi hufunika unga wa mbao uliochanganywa na gundi ili kuziba mianya, viungo visivyofika mwisho, na sehemu nyeupe ya mti iliyopakwa rangi ifanane na kiini. Wakati huo tikisa meza kwa kona mbili za mshazari, pima mishazari yote miwili kwa futi kamba, nayo ilingane. Geuza kiti chini juu. Vuta kila droo ikiwa tupu na ikiwa imejazwa matofali mawili.

Samani ikishafika, kaza bolti zake baada ya miezi miwili, kwa kuwa mbao zitakuwa zimejirekebisha na hewa ya chumba, kisha mara moja kwa mwaka. Zilizopakwa mafuta zirudiwe kila mwaka wakati wa kiangazi. Chini ya ubao wa meza, mahali pasipoonekana, andika kwa penseli jina la mti, mwaka, ukubwa wa bolti na aina ya mafuta au vanishi, na kwenye droo ya chini kabisa hifadhi kipande cha mbao ileile, bolti mbili za akiba na ufunguo wake, ili fundi atakayeitwa miaka 20 ijayo asilazimike kubahatisha.